Sheria ya kuifungia nchi vamizi milango ya G20 na vikao vya aina yake: inamfunga nani, na inakwamia wapi?

mwandika_vifungu

Wakuu, naomba ufafanuzi kutoka kwa wanaozijua sheria hizi kwa undani.

Mei 2022 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa kuwatenga maofisa wa serikali ya Urusi na vikao vya uchumi vya kimataifa kwa sababu ya uvamizi wa Ukraine. Umetaja G20 (kundi la nchi zenye uchumi mkubwa duniani), BIS (ile benki ya mabenki kuu iliyoko Basel), Kamati ya Basel ya usimamizi wa mabenki, Bodi ya Uthabiti wa Fedha, na vyombo vya wasimamizi wa bima na wa masoko ya hisa. Muswada wa kuilinda Taiwan nao umeshonwa kwa kitambaa hichohicho: China ikiitishia Taiwan, maofisa wake watengwe na orodha ileile.

Kinachonitatiza ni hiki. G20 si mali ya Marekani. Bunge la nchi moja linapata wapi nguvu ya kumtoa mwanachama kwenye meza ambayo si yake? Sheria hiyo inamfunga nani hasa? Vyombo vyenyewe vina utaratibu gani wa kumtoa mwanachama? Na mtu akitaka kuandika sheria ya namna hii leo, aweke nini ndani ili isibaki karatasi?

---

karani_wa_kamati

Mkuu, anza kwa kutafuta kiima cha sentensi. Ukisoma muswada wa aina hii, usitazame jina la nchi inayotengwa, mtazame anayeamriwa. Katika muswada huo wanaoamriwa ni Waziri wa Fedha wa Marekani, Bodi ya Benki Kuu yao na Tume ya Dhamana na Masoko. Wanaambiwa wachukue hatua zote zinazohitajika kuwatenga maofisa wa Urusi. G20 haiamriwi chochote, wala haiwezi kuamriwa. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni fupi: sheria inawafunga watumishi wa nchi iliyoitunga, basi.

Sasa soma maneno yanayofuata: "kadiri inavyowezekana". Hapo ndipo nguvu inapovujia. Waziri akiandika barua moja kwa mwenyekiti wa G20, akajibiwa hapana, ametimiza wajibu? Kwa maandishi yale, anaweza kudai ametimiza. Hakuna kitendo kilichotajwa, hakuna muda, hakuna kipimo. Juu yake kuna ruhusa ya Rais kuiweka sheria kando akiona maslahi ya taifa yanadai hivyo, na kuna ukomo wa miaka 5.

Tazama jambo lililotokea bila sheria yoyote. Tarehe 6 Aprili 2022 Janet Yellen, wakati huo Waziri wa Fedha, aliiambia kamati ya fedha ya Baraza la Wawakilishi kwamba Marekani haitahudhuria baadhi ya vikao vya G20 Warusi wakiwemo. Tarehe 20 Aprili mawaziri wa fedha wa G20 wakakutana Washington. Waziri wa Urusi, Anton Siluanov, alishiriki kwa video. Zamu yake ya kusema ilipofika, Yellen akasimama akatoka, na Chrystia Freeland wa Kanada naye, pamoja na mawaziri na magavana wengine. Baadhi ya waliokuwa mtandaoni walizima kamera. Siluanov akasema yake, waliotoka wakarudi, kikao kikaendelea, na hakikutoa tamko la pamoja. Kitendo hicho ndicho kipo mikononi mwa nchi moja: kutoka, kutosaini, kutohudhuria. Sheria inaweza kukiamuru. Kumtoa Siluanov kwenye skrini, sheria hiyo haiwezi.

Linganisha na muswada mwenzake uliopita Barazani mwezi huohuo, unaoikataza Hazina ya Marekani kufanya miamala ya SDR (akiba ya kimataifa inayotolewa na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa) zinazoshikiliwa na Urusi au Belarus. Agosti 2021 IMF iligawa SDR zenye thamani ya dola bilioni 650, na fungu la Urusi lilikuwa karibu dola bilioni 17. SDR haiendi dukani. Ili iwe dola au yuro, lazima apatikane mwanachama wa kuipokea. Sheria ikisema "Hazina yetu haitapokea", imefika mwisho wa safari. Haimwombi mtu ruhusa. Kwa mtazamo wangu ule ni muswada mdogo lakini wenye meno kuliko huu wa kutenga.

Kuna tatizo la katiba pia, na waandishi wengi wanalipita haraka. Marekani, kuzungumza na mataifa ya nje ni kazi ya Rais. Mwaka 2015, katika kesi ya Zivotofsky dhidi ya Kerry, Mahakama ya Juu ilibatilisha kifungu cha sheria kuhusu pasipoti za waliozaliwa Yerusalemu kwa hoja kwamba kutambua nchi ni mamlaka ya Rais peke yake. Bunge likimwamuru Rais asikae chumba kimoja na nani, litakutana na hoja ya ukoo huohuo.

Njia ambayo Bunge huipenda ni mfuko: "hakuna fedha ya sheria hii itakayotumika kwa ajili ya…". Hata hiyo ina mwiba. Mwaka 2011 walikataza fedha kutumika kwa ushirikiano wa pande mbili wa kisayansi na China, kwa NASA na kwa ofisi ya sayansi ya Ikulu. Ofisi ya sayansi iliendelea kukutana na Wachina. Wanasheria wa Wizara ya Sheria wakasema katazo hilo linaingilia mamlaka ya Rais ya kidiplomasia, hivyo halikuwafunga. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge ikasema fedha zimetumika kinyume cha sheria. Pande mbili, maandishi mawili, na hakuna aliyeadhibiwa. Ukiandika sheria ya kutenga, jiandae kwa hali hiyo.

---

meza_ya_duara

Karani kaeleza upande wa ndani vizuri. Niongeze wa nje, kwa sababu watu hutaja G8 (nchi saba tajiri, G7, pamoja na Urusi) kama mfano wa kufukuza, na mfano huo huwapoteza.

Urusi iliingia kundi lile kwa hatua, Denver 1997, kisha Birmingham 1998 likaitwa rasmi G8. Baada ya Urusi kuitwaa Crimea kutoka Ukraine Machi 2014, viongozi wa nchi saba walikutana The Hague tarehe 24 Machi, wakatangaza kusimamisha ushiriki wao katika G8. Angalia vizuri nani alisimamisha nini. Mkutano wa Juni ulikuwa ufanyike Sochi, Urusi ikiwa mwenyeji. Wao saba wakasema hatuji, tukakutane Brussels. Walikutana Brussels tarehe 4 na 5 Juni. Haikupigwa kura ya kumfukuza mtu, wala haikutungwa sheria. Kundi halina katiba, halina makao makuu, halina daftari la uanachama. Saba kati ya wanane walihama nyumba, basi nyumba ikahama nao.

Jambo hilo liliwezekana kwa sababu saba waliobaki walikuwa kauli moja. G20 hakuna umoja huo. Mwaka uleule wa 2014 Australia ilikuwa mwenyekiti, na waziri wake wa mambo ya nje, Julie Bishop, aliacha mlango wazi kwamba Putin anaweza asialikwe Brisbane. Mawaziri wa BRICS (kundi la Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini) waliokuwa The Hague wakajibu kwa tamko: G20 ni ya wanachama wote kwa usawa, na hakuna mmoja anayeweza kuamua peke yake sura yake. Novemba Putin alifika Brisbane. Alipokewa kwa ubaridi na akaondoka mapema, lakini alifika.

2022 hadithi ikajirudia. Tarehe 24 Machi, Joe Biden akiwa Brussels alisema Urusi itolewe G20, akaongeza kwamba uamuzi ni wa G20 wenyewe, na kama wengine hawataki basi Ukraine nayo ialikwe. Mwenyekiti alikuwa Indonesia. Haikumnyima Urusi mwaliko. Ilimwalika na Volodymyr Zelensky. Katika kisiwa cha Bali, tarehe 15 na 16 Novemba, Sergei Lavrov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi, aliketi mezani, Zelensky akahutubia kwa video, na tamko likatoka likisema kwamba wanachama wengi walilaani vikali vita vya Ukraine. Neno "wengi" ndilo lililogharimu usiku. Kundi linalofanya kazi kwa maafikiano haliwezi kusema "wote" wakati mlaaniwa ana kiti.

Kwa hiyo swali lako la pili, kwa upande wa G20: mlango wa kumtolea mwanachama haupo. Vipo vitu vitatu tu. Kwanza mwaliko, ulio mkononi mwa mwenyekiti wa mwaka huo. Pili maafikiano ya wengine wote, ambayo China, India, Brazil au Afrika Kusini yeyote anaweza kuyavunja. Tatu kususia. Kususia ni kisu cha makali mawili: ukitoka wewe, kiti cha unayemsusia kinabaki na kalamu ya rasimu inabaki pale.

Na jambo la mwenyeji lina mipaka yake. Mwaka 2020 Donald Trump, akiwa mwenyeji wa G7, alitaka kuialika Urusi. Kanada na Uingereza zikasema wazi kwamba hazikubali Urusi irudishwe. Mwenyeji anaweza kumwita mgeni, hawezi kumrudishia mtu uanachama peke yake. Juni 2025, kwenye mkutano wa G7 kule Kananaskis, Kanada, Trump alisema tena kwamba kuitoa Urusi lilikuwa kosa. Hapo ndipo sheria ya ndani ingekuwa na kazi ya kweli: si kumtoa aliyemo, bali kumzuia kiongozi wako mwenyewe asimrudishe aliyekwisha kutoka. Kazi hiyo ni nyepesi zaidi, kwa sababu kurudi kunahitaji kauli ya kila mmoja, na nchi moja ikifungwa mikono na sheria yake, inatosha kukwamisha.

---

hesabu_za_kura

Nichukue vyombo vyenye mkataba, maana huko hesabu ipo kwenye maandishi na hakuna haja ya kubashiri.

IMF. Kifungu cha XXVI kina ngazi tatu. Mwanachama asiyetimiza wajibu wake chini ya mkataba hutangazwa kwanza kuwa hana haki ya kutumia fedha za mfuko. Ukipita muda wa kutosha bila kujirekebisha, haki yake ya kura husimamishwa kwa asilimia 70 ya kura zote. Ukipita tena muda, hutakiwa kujiondoa, na hapo panahitajika wingi wa magavana wenye asilimia 85 ya kura zote. Marekani ina takriban asilimia 16.5, kwa hiyo peke yake inaweza kuzuia uamuzi wa asilimia 85, lakini haiwezi kuupitisha. Watu huchanganya mambo haya mawili kila siku. Kura ya turufu ni ya kukataa, haisukumi kitu.

Kigumu zaidi ni sababu. "Wajibu chini ya mkataba" maana yake ni mambo ya fedha: kulipa madeni, kutoa takwimu, sera za ubadilishaji. Czechoslovakia iliondolewa miaka ya 1950 kwa mgogoro wa kutotoa takwimu. Kuvamia jirani hakumo katika orodha. Bunge la nchi moja likimwamuru mkurugenzi wake IMF apige kura ya kumtoa mvamizi, atatafuta kifungu cha kusimamia na hatakipata.

Benki ya Dunia ni rahisi kidogo kwa hesabu: wingi wa magavana wenye wingi wa kura zote unatosha kusimamisha, na baada ya mwaka mmoja uanachama unakoma wenyewe usiporudishwa. Sababu ni ileile, kushindwa wajibu kwa Benki.

WTO, Shirika la Biashara Duniani, haina kifungu cha kumfukuza mwanachama kwa uvamizi. Kilichofanyika ni kupita dirishani: Aprili 2022 Marekani ilitunga sheria ya kuziondolea Urusi na Belarus hadhi ya kawaida ya kibiashara, Seneti ikapiga kura 100 kwa 0. Urusi ikabaki mwanachama, lakini ushuru wa bidhaa zake Marekani ukapanda. Tena sheria inayoamuru forodha yake yenyewe. Naona mnaanza kuliona umbo lake.

Waliotoa kweli ni wale wenye mlango ulioandikwa. Baraza la Ulaya lina Kifungu cha 8 cha katiba yake, na tarehe 16 Machi 2022 Urusi ikatolewa. Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa linaruhusu kusimamisha kwa theluthi mbili ya wanaopiga kura. Tarehe 7 Aprili 2022 ilikuwa 93 dhidi ya 24, na 58 hawakuegemea upande. OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi, haikuwa na mwanachama wa kufukuza, ikafuta mchakato wa Urusi kujiunga. BIS iliifungia benki kuu ya Urusi huduma na vikao vyake Machi 2022. FATF, kikosi kazi cha kupambana na utakatishaji wa fedha, ilisimamisha uanachama wa Urusi tarehe 24 Februari 2023.

Maana yake kwa mwandishi wa sheria: usiweke G20, BIS na IMF katika sentensi moja yenye amri moja. Ni milango mitatu yenye makufuli tofauti.

---

mwandika_vifungu

Nashukuru sana, ndugu zangu. Naona kosa langu lilikuwa kutafuta nguvu ya sheria mahali ambapo haifiki. Nina mawili yamebaki. Nani anaamua kwamba nchi fulani ni "vamizi"? Na mwenyeji akinyima viza tu, si jambo limeisha?

---

ufunguo_wa_mlango

Mkuu, la kwanza ndilo linaloua miswada mingi kimyakimya.

Kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa, Kifungu cha 39, Baraza la Usalama ndilo linalobaini kitendo cha uchokozi. Mvamizi akiwa na kura ya turufu, ubainifu huo hautatoka. Tafsiri ipo, azimio 3314 la Baraza Kuu la mwaka 1974, na linataja mpaka vitendo: kuvamia, kutwaa ardhi kwa nguvu, kupiga mabomu, kuzingira bandari. Kisha kuna azimio la tarehe 2 Machi 2022, kura 141 dhidi ya 5, lililotumia neno uchokozi waziwazi kwa Urusi. Mwandishi makini anafunga kichochezi cha sheria yake kwenye tukio linaloweza kuonyeshwa kwa karatasi: azimio la Baraza Kuu lenye neno hilo, au taarifa rasmi ya Rais kwa Bunge. Muswada wa Taiwan umechagua njia ya pili, taarifa ya Rais kwa Bunge chini ya sheria ya mahusiano na Taiwan ya mwaka 1979. Ubaya wake unaonekana: Rais asiyetaka sheria iwake haandiki taarifa. Ningeweka vyote viwili, kimojawapo kikitokea sheria inawaka.

La viza. Tofautisha kikao cha Umoja wa Mataifa na kikao kingine. Makao makuu ya New York yana makubaliano ya mwaka 1947 yanayoizuia Marekani kuwawekea wajumbe vikwazo njiani. Mwaka 1988 ilipomnyima viza Yasser Arafat, Baraza Kuu lilihamia Geneva kumsikiliza. G20 na APEC (jukwaa la uchumi la nchi za Asia na Pasifiki) hazina makubaliano ya namna hiyo yenye nguvu sawa, kwa hiyo mwenyeji ana uwanja mpana. APEC ya San Francisco, Novemba 2023: mkuu wa Hong Kong, John Lee, aliyewekewa vikwazo na Marekani tangu 2020, hakufika, akaja waziri wake wa fedha, Paul Chan. Urusi iliwakilishwa na naibu waziri mkuu, Alexei Overchuk, ambaye hakuwa kwenye orodha ya vikwazo. Ona kilichotenga: orodha ya vikwazo ya mtu mmojammoja, si sheria ya kutenga nchi.

Na ili asidhani mtu kwamba nguvu hiyo hutumika kwa wavamizi tu: Novemba 2025 Marekani, baada ya kususia mkutano wa Johannesburg, ilitangaza kwamba haitaialika Afrika Kusini kwenye G20 ya 2026 inayofanyika Marekani. Haikuhitaji muswada. Mwaliko ni nguvu isiyo na kigezo, na hilo linanisumbua. Nchi zinazotaka kigezo cha uchokozi kiheshimiwe zingepaswa kukiandika, la sivyo mwaliko unakuwa fimbo ya yeyote mwenye zamu.

Sheria moja iliyomzuia kiongozi mvamizi kuingia ukumbini haikutajwa hapa bado. Afrika Kusini iliingiza Mkataba wa Roma, ulioianzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), katika sheria zake mwaka 2002. ICC ilipotoa hati ya kumkamata Putin tarehe 17 Machi 2023, mkutano wa BRICS wa Johannesburg wa Agosti ukawa mtego: akitua, polisi wana wajibu. Julai ikatangazwa kwamba hatakuja, akahutubia kwa video na Lavrov akaketi. Sheria hiyo haikutaja Urusi wala mkutano wowote. Iliamuru polisi wake. Upungufu wake ni kwamba inamgusa mtu, haigusi kiti cha nchi. Na Mongolia, mwanachama wa ICC, ilimpokea Septemba 2024 bila kumkamata.

Basi ukiandika leo, amri zielekee kwa walio chini yako, na kila moja iwe kitendo: mjumbe wetu atatoka ofisa wa nchi hiyo anapopewa nafasi ya kusema, hatutasaini tamko lisilotaja uchokozi huo, tukiwa wenyeji, mwaliko hautatumwa na viza za ujumbe hazitatolewa, kurudishwa kwa aliyetoka kunahitaji kibali cha Bunge letu. Weka siku 30 za kutoa taarifa baada ya kila kikao, ikitaja nani alikuwepo na mjumbe alifanya nini. Bila taarifa, "kadiri inavyowezekana" itameza yote.

Kifungu cha kutokea kiandikwe kwa uangalifu kuliko cha kuingilia. Kikisema "uvamizi ukikoma", kusitisha mapigano kwa wiki mbili kutadaiwa kuwa kukoma. Taja majeshi kuondoka katika mipaka inayotambuliwa, na nani atathibitisha.

Mwisho, usiandike "mikutano ya kilele" peke yake. Mwaka mmoja wa G20 una vikao zaidi ya mia: manaibu wa fedha, vikundi kazi, na wale wajumbe maalum wa viongozi wanaoitwa masherpa. Rasimu ya tamko hupikwa huko, na viongozi wakifika wanakuta imebaki mistari michache kwenye mabano. Sheria inayomzuia waziri na kumwacha naibu wake kwenye kikundi kazi imefunga dirisha na kuacha mlango wa jikoni wazi.